Kompyuta Iliyovishwa Kanga

"Nitageuza vipi kitu nisichokiona, Bi Mwatima? Nambie mwenyewe, nitageu—"

"Geuza! Kwani pilau—"

"Pilau imeingiaje hap—"

"—pilau unaipalia, makaa chini, makaa juu, mfuniko umefunikwa, na inaiva! Nani anaitizama?"

"Pilau haina mafaili mia tatu na themanini na sita!"

"Ina punje ngapi? Umeshazihesabu?"

Swali hilo Haitham hata chuoni hakuulizwa.

Mbele yake kompyuta ilikuwa imekaa juu ya meza, kubwa, ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya jino la mvuta tumbaku. Na ilikuwa imevishwa kanga. Imevishwa hasa, kuanzia utosini mpaka kwenye vitufe, kama biharusi anayengoja kutolewa ndani. Kanga yenyewe ya manjano na nyeusi, na maandishi yake yameangukia usawa wa pua ya Haitham: MACHO HAYANA PAZIA. Tangu saa tano asubuhi anayasoma hayo. Kila akiyasoma anataka kucheka, na kila akitaka kucheka anamwona Bi Mwatima, anameza.

Bi Mwatima ni mkunga wa Kengeja. Mwembamba, mfupi, na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume. Miaka thelathini anazalisha, na ukimwuliza amezalisha wangapi atakwambia hesabu anayo Mungu. Siku hiyo alikuja mjini Chake na gari ya shamba, kafika duka la Haitham la picha na fotokopi kabla ya saa tano, binti yake nyuma, mkoba wa ukili kwapani. Akautia mkono ule mkoba, akatoa bahasha, akaitizama, akairudisha upesi, akatoa nyingine. Ndani mna sidii.

"Nataka hizi ziwe picha," alisema.

Na ndipo Haitham alipokosea. Alisema, "Hilo dogo, mama. Dakika tano."

Sasa ilikuwa saa saba na robo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Asya, binti wa Bi Mwatima, yule aliyekaa kwenye benchi pembeni ya mashine ya fotokopi anamenya shokishoki, alikuwa na tumbo. Si tumbo la kula. Lilianza Mfunguo Mosi, baada tu ya Ramadhani ya mwaka wa nyuma, na wakwe zake wakafurahi, wakamlisha mayai na supu ya kuku wa kienyeji, wakahesabu miezi. Wakafika tisa. Wakafika kumi na moja, wakasema huyo atakuwa mwanamume, anajivuta. Walipofika kumi na nne wakaacha kuhesabu, wakaanza kusema. Bi Mwatima alikuwa ameshaligusa lile tumbo tangu mwezi wa tatu, na mikono yake ilimwambia mle hamna mtoto, mna kitu kingine. Mwisho akampeleka Unguja, akapigwa picha za ndani ya mwili kwenye ile mashine kubwa, akarudi na sidii.

Na wiki ijayo madaktari wa kupasua wanakuja Pemba kutoka nje, siku tano tu. Anayepanga orodha yao ni Daktari Hamzah, na Daktari Hamzah kasema wazi: wageni wanataka kuziona picha za mgonjwa kabla hawajapanda ndege, na wanaziona kwenye simu. Faili za ile mashine simu hazifungui. Basi aliye na sidii akazitoe picha za kawaida, amtumie. Nafasi kumi. Tisa zimeshajaa. Hiyo moja iliyobaki anafunga nayo orodha leo, akitoka kazini kwenda kusali laasiri. Atakayekosa, mwakani, Mungu akipenda.

Ndiyo maana Bi Mwatima alikuwa anapiga kelele, na ndiyo maana Haitham hakuweza kumwambia nenda zako.

"Mie sikukatazi kazi yako," alisema Bi Mwatima, sauti imeshuka kidogo. "Nakukataza macho. Huyu mtoto wa kike, mke wa mtu. Hizi si picha za harusi. Hizi za ndani. Ndani huku, Haitham! Mumewe hajapaona, upaone weye?"

"Bi Mwatima, hakuonekani kitu mle. Ni kivuli kivuli tu, kijivu—"

"Umejuaje kama hukutizama?"

"Nimesoma!"

Wote watatu wakageuka kuangalia ukutani. Pale ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, Haitham alikuwa ametundika barua ya chuo kikuu cha Dar inayomwarifu kuwa amekubaliwa kusomea kompyuta. Cheti cha kumaliza hakikuwepo, kwa sababu kumaliza hakukuwepo. Miaka miwili na nusu, kisha akarudi nyumbani, na kila mtu ana habari yake ya kilichomrudisha, na zote kazitunga yeye.

"Umesoma barua," alisema Asya polepole, akatema kokwa.

Lakini ukweli mwingine ulikuwepo, na Haitham aliujua, na ulimchoma kuliko ule wa barua. Idd iliyopita Mzee Msellem alikuja kupiga picha ya pasipoti. Kapiga, kachukua zake nne, kaondoka. Jioni ile ile uso wa Mzee Msellem ulikuwa kwenye grupu la mtaa, umevishwa shela, midomo ya rangi nyekundu, na chini yake maneno "Karibuni karamu ya kombe la biharusi Jumapili". Watu walicheka wiki nzima. Mzee Msellem hakucheka, na hajasali safu moja na Haitham tangu siku ile. Na kabla ya Msellem alikuwepo sheha wa mtaa aliyepandishwa juu ya ng'ombe, na kabla ya sheha mwalimu wa skuli aliyeota mapembe.

Sasa nani atamwachia mtu kama huyo tumbo la mwanawe?

"Basi zipelekeni kwa Shatha," alisema Haitham, kachoka. "Hatua arubaini kutoka hapa. Ana kompyuta mpya, na mwanamke mwenzenu."

"Kwa Shatha siendi."

"Kwa sababu ya uchaguzi?"

"Kwa sababu siendi."

Mwaka ule watu wa Pemba walikuwa hawasemeshani. Tangu uchaguzi wa marudio, wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile, hapandi gari yake, haendi harusini kwake, na kuna pahala hata maziko watu wanayaendea kwa kuulizana kwanza marehemu alikuwa wa wapi. Shatha alikuwa wa kule. Bi Mwatima wa huku. Habari imekwisha.

"Lakini weye mkunga," alisema Haitham. "Na wa kule wakishikwa uchungu je?"

"Nakwenda! Mwanawe Shatha wa pili nimemtoa kwa mikono hii, mwezi wa nne mwaka huu huu. Kutoka mkutanoni moja kwa moja mpaka kitandani kwake."

"Kumbe mnapatana."

"Nimemtoa mtoto. Chai sikunywa."

Haitham alikuwa ameshajaribu kimyakimya kumwandikia Shatha kwenye simu, aje mara moja amsaidie. Jibu lilikuja maneno matatu: "Aje aombe mwenyewe." Alilifuta hata hakulisoma kwa sauti. Angelisoma, duka lingeungua.

"Sikiliza," alisema Bi Mwatima, akasogeza kiti, akakaa kitako ubavuni mwa kompyuta kama anayekaa ubavuni mwa mzazi aliyeshikwa uchungu. "Mie nikenda kuzalisha, mwanamke anafunikwa kanga. Mkono wangu unaingia chini ya kanga, macho yangu yako ukutani. Naujua mlango umefunguka vidole vingapi, najua kama ni kichwa au tako, yote kwa mkono. Mkunga hatizami. Mkunga anashika. Basi na weye shika."

Haitham akashusha pumzi. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda ujanja hata pale ujanja unapomponza, ikamjia fikra.

"Ipo njia," alisema. "Ipo programu ya maandishi matupu. Haioneshi picha. Unaiandikia amri, inageuza yenyewe, inakujibu kwa maneno. Wala sitaona kitu."

Bi Mwatima akamtizama kwa jicho moja. "Maneno tu?"

"Maneno na namba."

"Haya. Maneno tizama." Akainua pindo la kanga. "Vidole vitatu. Si vinne."

Programu ilikuja kwa bando la simu, na bando la simu siku hiyo lilikuwa linakuja kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Asilimia kumi. Asilimia kumi na moja. Ikakatika, ikaanza upya. Bi Mwatima alikuwa akiuliza "imefika wapi?" kila baada ya dakika, na Haitham akijibu, na jibu likimuudhi yeye mwenyewe. Saa nane kasoro dakika chache ikakamilika. Akaandika amri yake kupitia ule uwazi wa vidole vitatu, shingo kaikunja kama kuku anayechungulia chini ya mlango. Akabonyeza. Mistari ikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, mia tatu na themanini na sita, imegeuzwa, imegeuzwa, imegeuzwa.

"Umeona!" alisema Haitham, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu. "Pilau imeiva!"

Akachagua ishirini za katikati kwa namba zake, bila kuzifungua, akazipeleka kwa barua pepe. Wakangoja. Asya akamenya shokishoki nyingine. Simu ya Haitham ikalia, ujumbe wa sauti, na Haitham akaufungulia kwa nguvu ili wote wasikie sifa zake.

"Haitham," ilisema sauti ya Daktari Hamzah, "hizi umepiga usiku wa giza? Nyeusi. Ishirini zote nyeusi tii. Nina watu hapa, yakhe. Leo si siku ya mizaha."

"Mizaha?" alisema Bi Mwatima.

"Wallahi si mizaha! Bi Mwatima, naapa!" Haitham alisimama, akakaa, akasimama tena. Mtu akizoea kudanganya kwa kucheka, siku akisema kweli hana hata sauti ya kuisemea. "Sikiliza nikufahamishe. Ile mashine inapiga picha yenye rangi za kijivu elfu nne. Elfu nne! Simu inajua mia mbili na hamsini na sita. Sasa wakati wa kugeuza lazima uchague, katika hizo elfu nne unazitaka zipi. Ukichagua za mifupa unapata mifupa, ukichagua za nyama unapata nyama. Usipochagua, giza. Na ili uchague, lazima—"

"Usinambie."

"—lazima utizame!"

"Kisia."

"Nikisie?"

"Mie nakisia miezi kwa kiganja. Kisia."

Akakisia. Mungu ni shahidi, alikisia kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Akatia namba, akageuza tena zote, akatuma ishirini nyingine. Daktari Hamzah hakukawia.

"Sasa umenitumia tui la nazi. Nyeupe! Haitham, namheshimu baba yako Mzee Bakar, lakini ukinitumia upuuzi wa tatu naifuta namba yako, na nafasi nampa mtu mwengine. Yupo mgonjwa wa Kisiwa Panza ananingojea hapa mlangoni."

Haitham akaketi, akashika kichwa. Alikuwa hajawahi kumkasirikia mtu kama alivyomkasirikia huyo Haitham wa Idd iliyopita, aliyekaa kwenye kiti hiki hiki akichora midomo myekundu na kucheka peke yake. Lau angekuwa mtu mwengine, daktari angesema labda mashine ina ubovu, labda mtandao. Lakini ni Haitham, basi ni mzaha. Na atakayelipia mzaha ni msichana aliyekaa pale, ambaye hata ile midomo myekundu hakuicheka, maana siku zile alikuwa anatapika.

Akataka kusema kitu cha namna hiyo. Umeme ukakatika.

"Lahaula," alisema Bi Mwatima.

Feni ikapungua, ikasimama. Duka likawa kama tanuri. Saa nane na nusu. Nje mtu mmoja alipita akachungulia, akaona kompyuta imevaa kanga, akauliza kama kuna msiba.

"Hata ile mashine yenyewe haina taabu hivi," alinung'unika Bi Mwatima, anajipepea kwa bahasha. "Unalala tu. Kitanda kinakuingiza kwenye lile tundu kama mkate wa mofa tanurini, sauti inakwambia vuta pumzi, zuia, halafu mwili mzima unapata joto mpaka unadhani umejikojolea. Basi. Kwisha."

Asya akaacha kumenya. "Mama, we hukuingia mle. Ulizuiliwa mlangoni."

"N'liambiwa," alisema Bi Mwatima.

Haitham hakusikiliza. Alikuwa anahesabu: laasiri saa tisa na nusu na dakika zake. Umeme ukirudi sasa, kompyuta ile mpaka iamke dakika saba. Akahesabu tena, hesabu ikazidi kuwa mbaya. Umeme ulirudi saa tisa kasoro dakika kumi, na feni ilipoanza kuzunguka Bi Mwatima alikuwa ameshaiweka kanga sawa, na Haitham akahisi machozi ya hasira yanamjia kama mtoto.

"Bi Mwatima. Nakuomba. Nikae mie nitizame, au tuache. Njia ya tatu hamna."

"Tuache?"

"Basi nitizame!"

"Hutizami!"

"Basi tuache!"

"Hatuachi!"

"Mama," alisema Asya.

Hawakumsikia. Asya akaiinua pakiti aliyotia maganda ya shokishoki, akaiangusha sakafuni makusudi. Yakatawanyika mpaka mlangoni.

"Mama. Tumbo langu. Tangu asubuhi mnaligombania kama eka ya mikarafuu, na mwenyewe nimekaa hapa. Kaa weye kwenye kompyuta. Utizame weye. Yeye asimame kule akwambie bonyeza nini."

Haitham na Bi Mwatima wakatizamana. Ilikuwa fikra nyepesi kiasi kwamba wote wawili waliona aibu.

"Mie kompyuta siijui," alisema Bi Mwatima, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuwaambia watu wasukume.

"Pilau nayo siijui mie," alisema Haitham. "Kaa."

Akakaa. Kanga ikamfunika yeye na kompyuta pamoja, kama wale wapiga picha wa zamani, miguu yake tu ndiyo ikawa inaonekana, na mkono wa kulia uliotoka pembeni kushika mausi. Haitham akaenda ukutani, akasimama amewapa mgongo, pua yake mbele ya barua yake ya chuo, akamwelekeza kuifungua programu ya kuangalia picha iliyomo kwenye sidii.

"Usiikamue," alisema.

"Nimeshika vichwa vya watoto vyororo kuliko hiki. Sema."

"Unaona nini?"

"Giza."

"Bonyeza kidole cha kulia, usiachie, na uvute mkono kwenda chini. Taratibu."

"Giza. Giza. Hapana, ngoja. Panapambazuka."

"Endelea."

"Naona ukungu. Naona… aa! Pingili! Haitham, naiona pingili ya mgongo, nyeupe, ina mbawa!"

"Ukiona mifupa inang'ara bado hujafika. Sasa vuta kwenda kushoto, kidogo kidogo. Tunataka nyama, si mifupa."

"Mifupa inazimika. Inakuja nyama. Subhanallah. Figo hizi. Mbili, kama kunde." Sauti chini ya kanga ilikuwa imebadilika. "Miaka thelathini nimezigusa kwa juu. Kumbe zimekaa hivi."

Haitham aliitazama barua yake. Mara mbili alitaka kugeuka, si kwa ajili ya tumbo, ila kwa ajili ya ule uso uliokuwa chini ya kanga. Hakugeuka.

"Sasa kile kigurudumu cha katikati, kizungushe. Kila ukizungusha unashuka chini, kipande kwa kipande. Kama kukata mkate."

Kigurudumu kikalia, tik, tik, tik. "Ini hili. Utumbo. Utumbo. Utumbo." Tik. Tik. Halafu kikanyamaza.

"Bi Mwatima?"

Asya alikuwa amekaza macho kwenye ile kanga, mikono yote miwili tumboni.

"Nimeliona," alisema Bi Mwatima. "Kubwa kama tikiti. Limemlalia kibofu, ndiyo maana haendi hatua mbili bila choo." Tik. Tik. "Ndani maji tu, ya namna moja, yametulia. Ganda lake jembamba, limezunguka sawa. Halina mizizi." Tik. "Halikumshika pahala. Linaning'inia tu, kama embe kwenye kikonyo chake."

"Zuri hilo au baya?" aliuliza Asya.

"Nakutazamia, mama. Nyamaza nikutazamie."

Na hapo mambo yakaanza kwenda kama yalivyotakiwa kwenda tangu saa tano. Bi Mwatima alichagua mwenyewe, akizitaja namba kwa sauti, mia na arubaini, mia na arubaini na saba, mia na sitini na mbili yenye kikonyo, na Haitham kutoka ukutani akimwambia bonyeza hapa, sasa hapa, sasa neno la kwanza juu kushoto. Picha kumi na nne. Nyingi zaidi hakuzitaka. "Kumpa mtu mia tatu ni kumficha," alisema. Saa tisa na dakika ishirini na tano zikaondoka.

Wakangoja. Msikitini mtu akapuliza spika, fuu, fuu, anajitayarisha. Haitham alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Akilini akamwona Daktari Hamzah akikunja mpira wake wa kupimia moyo, akifunga droo, akitoka. Akamwona yule wa Kisiwa Panza mlangoni, naye mtu wa watu, naye ana mama yake. Akajilazimisha asimwone.

Ujumbe ukaingia.

"Haitham. Hizi zimechaguliwa na nani? Si weye." Kikohozi. "Huyu aliyechagua anajua anachokitafuta. Nimeziona, na nimeshazipeleka mbele. Kwa macho yangu mie kitu kimekaa vizuri, kinatoka, lakini watasema wenyewe wakubwa. Asya nimemtia, wa kumi. Na yule wa Kisiwa Panza nimewabembeleza, wamekubali awe wa kumi na moja. Jumatatu saa moja asubuhi, asile kitu. Haya, nakwenda kusali. Na weye nenda kasali, huenda ukaongoka."

Asya aliinama, uso kaufunika kwa viganja, mabega yanamtetemeka, na Haitham hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua kichwa, na ilikuwa vyote. "Tikiti," alisema. "Wamenilisha mayai miezi kumi na nne kwa ajili ya tikiti!"

Haitham akacheka mpaka akakaa sakafuni juu ya maganda ya shokishoki. Uchovu wote wa siku ulimtoka kwa mpigo, akajiona mwepesi, akajiona hata ile barua ya ukutani leo imestahiki fremu yake. "Bi Mwatima, toka huko! Kazi imekwisha! Nakuajiri kuanzia kesho!"

Bi Mwatima hakutoka.

Miguu yake ilikuwa pale pale chini ya meza, imeshikana. Adhana ikaanza, ikapita juu ya mabati, ikamalizika, naye hajasogea. Kisha mkono wa kushoto ukatoka chini ya kanga, ukapapasa sakafuni, ukaufikia mkoba wa ukili, ukaingia ndani. Ukatoka na bahasha. Ile ya kwanza, aliyoitoa asubuhi akairudisha upesi. Ilikuwa imekunjika pembe, ina muhuri wa hospitali ile ile ya Unguja, imefungwa uzi mweusi mara mbili, na uzi haujapata kufunguliwa.

"Mama," alisema Asya. "Hiyo ya nani?"

Bi Mwatima akaivuta kanga kutoka kwenye kompyuta. Kioo kikabaki wazi, kinang'ara, mbele ya macho ya yeyote. Akajitanda kanga ile yeye mwenyewe, kichwa na uso wote, mpaka hapakubaki pahala pa kuonekana, na kutoka ndani yake akaisukuma ile bahasha juu ya meza, kuelekea alikokuwa Haitham.

"Hii yangu mie siiwezi," alisema. "Mwanangu, hii nitizamie weye."